KUTAFUTA KAZI NA HALI UMEFUNGA

Darsa kwa vijana wetu walioko Mugutha, Ruiru na Thika, na kwa wazee wao walioko pwani

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa walimwengu wote, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake, na sahaba zake. Ama baada ya hayo:

Kila mwaka Ramadhani inapokaribia, suala moja hurudi katika nyumba zetu. Kijana asiye na kazi, je, aendelee kuitafuta katika mwezi huu, au angoje mpaka Idi ipite? Wengi wetu hujibu upesi: "Na angoje. Mtu aliyefunga atazunguka vipi juani?" Jibu hili lina huruma, lakini halikutoka katika dini, wala halimfai kijana. Kwani siku huhesabika, na kodi ya nyumba haifungi.

Leo twataka kulitazama suala hili kwa watu makhsusi, nao ni vijana wa pwani waliokwenda bara kutafuta maisha wakapanga vyumba Mugutha. Mugutha ni mtaa ulio baina ya Ruiru na Juja, kando ya barabara kuu itokayo Nairobi kwenda Thika. Barabara hiyo, yenye urefu wa kiasi cha kilomita 50, ilimalizika kupanuliwa mwaka 2012, na pande zake palipokuwa na mashamba ya kahawa leo pamesimama majumba ya kupanga. Mtu akaaye Mugutha hufika Ruiru kwa upande mmoja, na Juja na Thika kwa upande wa pili, kwa matatu moja tu. Ruiru pana viwanda vya chuma na mji mpya wa Tatu City. Juja pana Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta cha Kilimo na Teknolojia, na machimbo ya mawe ya kujengea. Thika pana Bidco watengenezao mafuta ya kupikia, Del Monte watiao mananasi katika mikebe, Thika Cloth Mills wafumao nguo, na Kenya Vehicle Manufacturers waunganishao malori na mabasi. Basi hapo si mahali pa mtu kulala mchana kutwa.

Pwani na bara si mamoja

Katika miji yetu ya pwani, mwezi unapoandama mji wote hubadilika. Maduka huchelewa kufunguliwa, kazi hupungua baada ya alasiri, na baraza hujaa watu mpaka wakati wa daku. Mtu asiye na kazi haonekani kuwa amekosa, kwa kuwa hata mwenye kazi amepunguza mwendo.

Huko Thika na Ruiru si hivyo. Waislamu ni wachache, na kiwanda hakijui kwamba mwezi umeandama. Mlango hufunguliwa saa ile ile, vibarua huchaguliwa asubuhi ile ile, na barua za kuomba kazi husomwa siku zile zile. Kijana aliyechukua desturi ya pwani akaenda nayo Mugutha, akakesha usiku na kulala mpaka adhuhuri, hafungi yeye peke yake. Ameifunga na riziki yake pamoja naye.

Na tuhesabu. Ramadhani ni siku 29 au 30. Ukitoa Jumapili zake, hubaki kiasi cha siku 25 za kazi. Mwenye kuziacha siku hizo kila mwaka kwa muda wa miaka kumi, ameacha kiasi cha siku 250 za kutafuta. Kisha husema ya kwamba Waislamu hatupewi kazi! Wako kweli wanaonyimwa kwa dhulma, na tutalitaja jambo hilo mbele. Lakini yule asiyefika mlangoni hakunyimwa na mtu.

Yaliyofundishwa na dini

Katika Suratul Jumua Mwenyezi Mungu ametuamrisha tuiendee Sala tunaponadiwa, kisha Sala ikiisha tutawanyike katika ardhi tutafute fadhila zake. Wala hakutoa mwezi wowote katika amri hiyo.

Wako watu wanaojituliza kwa msemo huu, kwamba riziki haivutwi kwa kamba. Ni kweli kwamba mwenye kuruzuku ni Mungu peke yake. Lakini ajabu ni hii, ya kuwa Mtume wetu (s.a.w.) ameitaja kamba hiyo hiyo. Katika Hadithi iliyopokewa na Imam Bukhari, ametufundisha kuwa mtu achukue kamba yake aende mlimani, abebe mzigo wa kuni mgongoni auze, ni bora kwake kuliko kuwaomba watu, wakampa au wakamnyima. Basi kamba haivuti riziki, lakini hufunga kuni, na kuni ndiyo njia aliyoiweka Mwenye kuruzuku.

Na katika Hadithi nyingine aliyoipokea Tirmidhi ametupigia mfano wa ndege: lau tungemtegemea Mungu ukweli wa kumtegemea, angeturuzuku kama aruzukuvyo ndege, aondokaye asubuhi tumbo tupu, akarejea jioni ameshiba. Ndege huyo hutoka hana kitu tumboni, na hali yake ya asubuhi ni kama hali ya mwenye kufunga, lakini hutoka! Hakubaki tunduni akasema kwamba anategemea.

Na ikiwa mtu atadai kwamba Ramadhani ni mwezi wa kupumzika, na akumbuke ya kuwa vita vya Badri vilikuwa tarehe 17 Ramadhani mwaka wa pili wa Hijra, na Makka ilifunguliwa katika Ramadhani ya mwaka wa nane. Mwezi huu kwa wale waliotutangulia haukuwa mwezi wa usingizi.

Nabii Musa mbele ya maji ya Madyan

Mwenye kutaka kujua namna ya kutafuta kazi katika mji wa ugeni, na aisome Suratul Qasas. Nabii Musa (a.s.) alitoka Misri mkimbizi, akafika Madyan hana jamaa, hana mali, na wafasiri wamesema kwamba alikuwa na njaa. Akawakuta watu wananywesha wanyama wao, na wanawake wawili wamejitenga na kundi lao. Akawanyweshea. Kisha akaenda kivulini, akamwomba Mola wake, akidhihirisha kwamba ni mhitaji wa kheri yoyote atakayomteremshia. Hakukaa sana, akaja mmoja wa wale wanawake kumwita kwa baba yake, na huko akapata kazi.

Katika kisa hiki mna mafunzo manne.

La kwanza, Musa hakungoja ajulikane. Alionyesha kazi yake kwanza, wala hakuitoza. Kijana apewaye kibarua cha siku moja na akifanye kama kwamba ni cha mwaka, kwani yuko anayemtazama.

La pili, alitenda kisha akaomba dua. Dua haikuwa badala ya kazi, na kazi haikuwa badala ya dua. Na dua ya mwenye kufunga ina daraja yake.

La tatu, binti yule alipomshauri baba yake amwajiri, alitaja sifa mbili, akasema kwamba mbora wa kuajiriwa ni mwenye nguvu aliye mwaminifu. Mpaka leo hakuna mwenye kiwanda Thika atakaye zaidi ya haya mawili: mtu aiwezaye kazi, na mtu asiyeiba. Nguvu ni pamoja na ufundi na masomo. Ama uaminifu, hakuna chuo kinachoufundisha kama saumu. Mtu yuko peke yake chumbani Mugutha, mlango umefungwa, maji yako mbele yake, kiu imemshika, na hapana amwonaye illa Mola wake, naye hayagusi. Mtu huyu ndiye wa kukabidhiwa funguo za ghala. Basi kijana asiione saumu yake kuwa ni udhuru mbele ya mwenye kazi. Saumu ndiyo cheti chake cha kwanza, ila cheti hicho hakionyeshwi kwa maneno, huonyeshwa kwa vitendo.

La nne, walipatana masharti kabla ya kazi kuanza: miaka minane, na akipenda kuitimiza kumi ni khiari yake, na Mungu akawa shahidi. Nasi tutarejea katika jambo hili.

Siku ya mwenye kutafuta

Thika iko karibu na mstari wa ikweta, na kwa hiyo mchana wake haurefuki wala haufupiki sana mwaka mzima. Saumu ya huko ni kiasi cha saa kumi na tatu na kitu, sawa na ya pwani. Tena nchi ile ni ya juu, zaidi ya mita 1,400 juu ya bahari, na baridi yake hupunguza kiu. Ndugu zetu walioko London wamepata kufunga zaidi ya saa kumi na nane Ramadhani ilipoangukia mwezi wa Juni, nao wakenda kazini. Basi sisi tuna nini?

Kijana apange siku yake hivi. Ale daku mwisho wa usiku, kwani kuichelewesha ndiyo Sunna, na ale chakula kikaacho tumboni, si chai na mkate mtupu. Akisha kusali Alfajiri asirudi kitandani. Hapo ndipo penye siri ya siku nzima. Wanaopanga foleni mbele ya viwanda huanza kukusanyika mapema, na wengi wao wamejilazimisha kuamka. Wewe saumu yenyewe imekwisha kukuamsha. Na Mtume (s.a.w.) aliwaombea umma wake baraka katika asubuhi zao, na Sakhr al-Ghamidi, aliyeipokea Hadithi hiyo, alikuwa akituma biashara yake asubuhi na mapema, akatajirika.

Kutoka saa kumi na mbili mpaka adhuhuri ndio wakati wa kuzunguka. Chagua upande mmoja kwa siku moja: leo Ruiru, kesho Thika, keshokutwa Juja. Usiende huku na huko siku moja, ukamaliza nauli na nguvu. Baada ya adhuhuri kaa kivulini, andika barua, jibu simu. Baada ya alasiri pumzika kidogo. Usiku sali Isha na Tarawehe, kisha ulale. Baraza ya usiku wa manane si ibada, ijapokuwa iko katika Ramadhani.

Na jambo moja dogo wasilisahau watokao pwani: jua la Thika huchwa nyuma ya jua la Mombasa kwa kiasi cha dakika kumi. Asiye na msikiti wa karibu akafungua kwa adhana ya Mombasa aisikiayo katika simu yake, amefungua kabla ya wakati, na siku hiyo itamlazimu kuilipa. Afuate saa za mahali alipo.

Ama mwezi mzima, na augawanye kwa makumi yake matatu. Kumi la kwanza ni la kutengeneza karatasi na kuandika orodha ya mahali pa kwenda. Kumi la kati ni la kuzunguka. Kumi la mwisho ni la kurudi kwa wale waliosema "njoo baadaye", kwani wengi husema hivyo, na wachache sana ndio warudio. Awe na daftari, aandike tarehe, mahali alipokwenda, aliyemwona, na alilojibiwa. Asiyeandika husahau, na asahauye huonekana kuwa hakuhitaji.

Karatasi

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Wako vijana waliokosa kazi si kwa kukosa ufundi, bali kwa kukosa karatasi siku waliyoitwa. Awe na kitambulisho chake, namba ya kodi ya KRA, namba ya NSSF, na namba ya SHA, iliyoshika mahali pa NHIF tangu Oktoba 2024. Awe na nakala za vyeti vyake, na wasifu, yaani karatasi yenye khabari za masomo yake na kazi alizofanya, usiozidi kurasa mbili. Mengi katika haya hutengenezwa Huduma Centre. Na anayetaka kazi katika kiwanda cha chakula au katika mkahawa ahitaji cheti cha kupimwa afya, ambacho huhuishwa kila miezi sita. Basi atazame kisiwe kimekwisha muda.

Ni vyema pia ajue sharia. Mwaka 2022 Sharia ya Kazi ya Kenya ilirekebishwa, na sasa mwenye kazi hana ruhusa ya kumtaka mwombaji alete hati za kusafishwa, kama ile ya polisi ya tabia njema, illa akiwa amekusudia kuandikiana naye mkataba. Kwa hiyo kijana asiuze simu yake ili alipie hati hizo zote kabla hajaitwa na mtu.

Mbele ya mwenye kazi

Nabii Yusuf (a.s.) alipokuwa mbele ya mfalme wa Misri aliomba awekwe juu ya hazina za nchi, akataja kwamba yeye ni mlinzi na mjuzi. Hakujikweza, wala hakujidhalilisha. Alisema lililo kweli na lihusulo kazi ile. Huu ndio mfano wa kufuata. Ukiulizwa wajua nini, sema unalolijua, na usilolijua sema uko tayari kujifunza.

Nenda na nguo safi iliyopigwa pasi, hata ikiwa ni moja tu. Piga mswaki, kwani harufu ya kinywa cha mwenye kufunga ni njema mbele ya Mungu, lakini mwenye kazi hakuahidiwa kuipenda. Katika madhehebu yetu ya Shafii mswaki kabla ya adhuhuri hauna ubaya wowote kwa mwenye kufunga. Na hii ni sababu nyingine ya kutoka asubuhi.

Ukikaribishwa chai, sema kwa uso mkunjufu: "Ahsante, nimefunga," yatosha. Usimpe mtu hotuba, wala usionyeshe kwamba amekosa kukukaribisha, maana amefanya wema. Na akikuuliza kama saumu itaizuia kazi, usijibu kwa hasira. Mwambie kwamba saa ya chakula cha mchana hutaihitaji, na kwamba ukiruhusiwa kuitumia saa hiyo kwa Sala, au kutoka mapema kidogo ufungue, kazi haitapungua kitu. Mwenye kuleta shauri husikilizwa zaidi kuliko mwenye kuleta udhuru.

Na ikiwa amekukataa kwa sababu ya dini yako tu, hiyo ni dhulma, na Kenya imeikataza. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 32, imesema kwamba mtu hatanyimwa kazi kwa sababu ya imani yake; na kifungu cha 27 kimekataza ubaguzi kwa dini na hata kwa mavazi, na hili linawakhusu dada zetu wavaao hijabu. Sharia ya Kazi ya mwaka 2007, katika kifungu cha 5, yamlinda aombaye kazi kama imlindavyo aliyekwisha kuajiriwa. Lakini lazima pawe na ushahidi. Andika siku, mahali na maneno yaliyosemwa, uyapeleke ofisi ya kazi. Manung'uniko ya barazani hayajamrudishia mtu haki.

Ukikubaliwa, kumbuka Musa na masharti yake. Uliza mshahara, saa za kazi, zamu na siku ya mapumziko kabla ya kuanza. Sharia hiyo hiyo yataka kazi ya miezi mitatu au zaidi iwe na mkataba wa maandishi. Na kibarua aliyefanya kazi siku za mfululizo zisizopungua mwezi mmoja, kifungu cha 37 humhesabu kuwa ni mtu wa mshahara wa mwezi. Wengi hawalijui hili, wakabaki vibarua miaka.

Yaharibuyo mambo yote mawili

Yako mambo yaharibuyo saumu na kazi kwa pamoja.

La kwanza ni uwongo. Mtume (s.a.w.) amefundisha kwamba asiyeacha maneno ya uwongo na kuyatenda, Mungu hana haja na kuacha kwake chakula na kinywaji. Basi ana faida gani mtu aliyeshinda na njaa, na mkononi amebeba cheti cha kughushi?

La pili ni rushwa. Aitoaye na aipokeaye wote wawili wamelaaniwa. Na mara nyingi hata kazi yenyewe haipo. Wako matapeli wapigao simu wakisema: "Umepata kazi, tuma pesa za kuandikishwa." Mwenye kazi wa kweli hulipa, halipwi na amtafutaye kazi. Akuombaye pesa kabla ya kazi, mkimbie.

La tatu ni hirizi. Twasikitika kwamba mpaka leo wako wazazi wenye kupeleka pesa kwa mwandishi wa makombe ili mkubwa wa kazi ampende mtoto wao. Pesa hizo zingalitosha nauli ya kutoka Mugutha kwenda Thika siku nyingi. Hirizi haikupata kusoma barua ya mtu wala kuijibu.

Masuala na majibu

*Kijana asafiriye kutoka Mombasa kwenda Thika, ana ruhusa kufungua?*

Safari hiyo ni ndefu, yapita kwa mbali kiasi cha kilomita 80 na kitu zilizotajwa na wanachuoni. Akitoka mjini kwake kabla ya Alfajiri, ana ruhusa ya siku hiyo, naye atailipa. Lakini akifika na hali amenuia kukaa siku nne kamili au zaidi, bila ya siku ya kuingia na ya kutoka, si msafiri tena, na itampasa kufunga. Ama kutoka Mugutha kwenda Nairobi au Thika, huko si kusafiri.

*Aliyepata kazi ngumu, kama ya kuvunja mawe machimboni, afanye nini?*

Imam Al-Adhrai katika Mashafii aliulizwa khabari ya wavunaji, akafutu kwamba watie nia kila usiku na waamke wamefunga. Kisha atakayepatwa na mashaka makubwa wakati wa kazi, afungue na alipe, na asiyepatwa hana ruhusa. Basi haifai mtu kuamka anakula kwa kukhofia mashaka ambayo hayajamfika. Na aliye mbele ya mashine akaona kizunguzungu, asinyamaze kwa haya, amwambie msimamizi. Sharia ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yamlazimu kila mfanyakazi kujilinda nafsi yake na wenziwe, na dini ilitangulia kulisema hilo.

*Je, akubali kazi yoyote?*

Akubali kila kazi ya halali hata ikiwa ni ndogo, maana kazi mbi si mchezo mwema. Lakini kazi ya kutengeneza ulevi, kuubeba au kuuuza haifai. Aulize mapema ni kazi gani, asije akagundua akiwa amekwisha kuvaa sare.

*Aache kutafuta kazi katika kumi la mwisho ili akae itikafu?*

Itikafu ni Sunna, na kuwalisha walio juu yako ni wajibu. Sunna haiutangulii wajibu. Lakini hapana haja ya kuyagonganisha. Katika madhehebu yetu itikafu yasihi hata kwa muda mchache. Na aingie msikitini usiku kwa nia hiyo, na mchana ende zake kutafuta.

Wajibu wetu sisi tulio nyumbani

Tumesema mengi kwa vijana. Sasa na tujiambie wenyewe. Kijana yule akaaye Mugutha hali futari ya mama yake. Hufungua kwa tende na maji peke yake, akahesabu siku zilizobaki za kodi. Nasi huku twashindana kwa sinia za futari na nguo za Idi, tena kwa deni. Wako wazee wampigiao simu mtoto asiye na kazi kumtaka pesa za Idi, mpaka akakopa au akaingia katika haramu ili asiaibike. Huku si kumlea, bali ni kumsukuma shimoni.

Abu Daud amepokea khabari ya mtu wa Kiansari aliyemwendea Mtume (s.a.w.) kuomba. Mtume akamwuliza ana nini nyumbani. Akasema ana guo na kikombe. Vikauzwa kwa dirhamu mbili. Moja ikanunua chakula cha watu wake, na ya pili ikanunua shoka, na Mtume mwenyewe akalitia mpini kwa mkono wake. Akamwambia akate kuni wala asionekane kwa siku kumi na tano. Akarejea na dirhamu kumi. Tazama: hakumfukuza bure, wala hakumpa sadaka ya siku moja. Alimpa chombo cha kazi.

Basi wenye kutoa Zaka za mali zao katika mwezi huu, badala ya kugawa shilingi ndogo ndogo kwa watu mia zisizofaa mmoja, na wamtazame fundi maskini aliyekosa vyombo, wampe za kumtosha kununua cherehani, au vyombo vya umeme, au kulipia cheti cha kuendesha gari. Na kila msikiti na uwe na daftari la waumini wake walioko bara, wafanya kazi gani na wapi, ili mtoto aendaye Thika apate wa kumwuliza nafasi. Jirani zetu wa dini nyingine wamekwisha kulifanya hili, nasi twawaonea kijicho badala ya kuwaiga.

Wala tusisahau kwamba nguvu, iliyo sifa ya kwanza ya mwajiriwa, hutafutwa kabla ya kazi. Marehemu Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, aliyetoa Sahifa mwaka 1930 na Al-Islah mwaka 1932 hapo Mombasa, alikuwa akiwahimiza Waislamu wajifunze na kuacha uvivu. Katika miaka ya 1950 vijana wa Kiislamu walikuwa wakijifunza ufundi MIOME, chuo ambacho tangu mwaka 2013 ni Chuo Kikuu cha Ufundi cha Mombasa. Milango hiyo iko wazi mpaka leo. Mtoto aliyeingia bara na ufundi mkononi hasimami katika foleni sawa na asiye nao.

Ewe kijana, mwezi huu si ukuta uliosimama baina yako na riziki. Ni mwezi ukuamshao kabla ya wenzio, ukakuzuilia ulimi, ukakufundisha kuchunga amana mahali pasipoonekana na mtu. Mgaagaa na upwa hali wali mkavu. Toka kama atokavyo ndege, na usitoke bila ya dua. Na jua likichwa na hali hukupata, fungua saumu yako kwa furaha, kwani siku yako haikupotea mbele ya Mola wako. Kesho toka tena.

Twamwomba Mwenyezi Mungu azikubali saumu zetu, awafungulie vijana wetu milango ya halali, na awape wenye mali nyoyo za kusaidia. Amin.

Wabillahi taufiki.